Echeveria ya kitalu cha kando ya barabara: mmea bora, udongo usiofaa

Vitalu vya miche vya kando ya barabara jijini Nairobi siku hizi vinauza Echeveria, mmea mdogo wa mapambo unaohifadhi maji majanini, na ile niliyoinunua kwa shilingi 300 katika kimojawapo imenipa sababu za kukisifu kitalu hicho na za kukilaumu pia.

Mmea wenyewe ni wa hali ya juu. Jenasi hii, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, ambayo asili yake kubwa ni Meksiko, ilipewa jina mwaka 1828 kwa heshima ya Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa nchi hiyo. Majani yake manono hujipanga kwa mduara kama petali za waridi, nayo hufunikwa na unga mwembamba wa nta ambao huyakinga na jua kali na kupunguza upotevu wa maji. Mnunuzi auangalie unga huo kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa ukishafutwa kwa kidole haurudi kwenye jani lile. Mche niliouziwa haukuwa na alama ya kidole hata moja, ishara kwamba wahudumu wa pale hushika chungu na si majani. Hata katikati ya majani, wanakopenda kujificha wadudu weupe wafyonzao utomvu, palikuwa safi kabisa.

Lawama yangu inahusu udongo. Chungu cha plastiki kilijazwa udongo mweusi wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi nyingi, mchanganyiko ambao ungeifaa sukuma wiki, lakini ambao hushika maji kwa muda mrefu kiasi kwamba mizizi ya Echeveria hukosa hewa na kuoza, na majani ya chini yakaanza kulegea na kupitisha mwanga. Juu yake zilitandazwa kokoto nyeupe, za kupendeza kwa kweli, ila zinamzuia mtu kuona iwapo udongo umekauka. Muuzaji naye alinishauri nimwagilie kila siku. Ushauri huo ni wa hatari, kwa sababu mmea huu hufunga vitundu vyake vya hewa mchana na kuvifungua usiku, hivyo hupoteza maji kidogo sana.

Yeyote atakayeununua auhamishe mara moja kwenye chungu cha udongo wa kuchoma chenye tundu chini, akitumia sehemu moja ya udongo kwa sehemu mbili za mchanga wa mtoni na kokoto ndogo. Amwagilie hadi maji yatoke chini, kisha asubiri udongo ukauke wote, na wakati wa masika auweke chini ya paa. Usiku wa baridi wa Nairobi unaufaa. Mawingu ya Julai ndiyo huufanya urefuke ukitafuta mwanga, kwa hiyo asiuondoe dirishani. Aishiye Mombasa, penye joto na unyevu usiku kucha, ningemshauri achague shubiri. Majani yatakayodondoka wakati wa kuhamisha yasitupwe: yakikauka kidonda na kulazwa juu ya mchanga mkavu, mengi huchipua.

Kwa bei hiyo nitanunua tena hapo, ila nitaomba niuziwe mche uliokung'utwa udongo, nao wabaki na chungu chao.