Lengai na Nyiragongo: lava si moja

Mwanafunzi akiniuliza lava ina joto kiasi gani, nami namuuliza: ya mlima upi? Ya Oldoinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, hutoka na nyuzijoto 500 hadi 600 tu za Selsiasi. Imejaa sodiamu na kaboneti. Hutiririka nyeusi kama oili chafu ya gari, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe; volkano nyingine hai ya namna hiyo haipo duniani.

Nyiragongo, kaskazini mwa Goma, hupita nyuzijoto 1,000. Lava yake ina silika kidogo (mchanganyiko wa silikoni na oksijeni unaoifanya lava iwe nzito), ndiyo maana hukimbia. Januari 2002 ilipita katikati ya mji.

Somo la kemia nitalianzia Lengai. La tahadhari, Nyiragongo.