Ziara ya siku moja Mwanza: boti, sato na ngoma za Bujora

Jamani kama unapita Mwanza na una siku moja tu hii ziara ichukue, kwakweli hela yako inarudi. Jiwe la Bismarck pale Kamanga ni picha tu mnasepa, utamu unaanzia Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria, boti dakika chache mko ndani ya hifadhi ya taifa kabisa, imepewa hadhi hiyo 2013 na ndo ndogo kuliko zote nchini, pimbi wamejaa juu ya mawe wanaota jua hawana habari na mtu. Mchana sato mzima wa kukaanga, kachanjwa mbavuni chumvi imeingia mpaka kwenye mfupa, ugali wa moto na kachumbari ya ndimu, aisee nilimaliza mpaka kichwa.

Kasoro ipo kwenye ratiba, makumbusho ya Wasukuma Bujora wameyaweka mwisho, tumefika Kisesa jua linazama tukakimbizwa kwenye yale mangoma makubwa wakati ndo nilichofuata. Ila bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe, tuliiwahi, vijana na majembe yao wanayarusha juu wanayadaka bila kupoteza mdundo, vumbi linatimka, hapo nilisisimka mwili mzima. Ukibuku waambie muanze na Bujora asubuhi, watakubali tu.