Tahadhari: wakala wa ploti Kitengela anayewaficha wenye mali bei halisi

Ninaandika kuwatahadharisha wanaouza na wanaonunua ardhi Kitengela, Kaunti ya Kajiado, dhidi ya wakala mmoja ambaye sitamtaja jina kwa sababu shauri lake limekwisha kufikishwa polisi, ingawa aliyewahi kufanya naye biashara atamtambua kwa mbinu zake.

Dada yangu alimpa kazi ya kumtafutia mnunuzi wa ploti yake. Wakala akamletea habari kwamba amepatikana mtu wa kutoa shilingi milioni 1.4, na kwamba soko lilivyo baridi, heri aipokee. Mnunuzi naye alikuwa ameambiwa kwamba mwenye ploti hashuki chini ya milioni 1.9. Wawili hao hawakukutanishwa hata mara moja, kwani kila mmoja alielezwa kwamba mwenzake ni mtu mgumu asiyependa kupigiwa simu, na amana ya mnunuzi ikatumwa kwa M-Pesa kwenye namba ya wakala mwenyewe. Mambo yalifichuka pale wakili wa mnunuzi alipomtumia dada yangu rasimu ya mkataba, yenye bei ambayo hakuwahi kuisikia.

Alipoulizwa, wakala alijibu bila haya kwamba kinachozidi bei ya mwenye mali ni jasho la broka. Kauli hiyo imezoeleka mno hata wauzaji wengi huikubali, ilhali haina msingi wowote wa kisheria. Wakala hufanya kazi kwa niaba ya aliyemtuma: anapaswa kufuata maagizo yake, kumfikishia kila bei inayotolewa, kumpa hesabu ya kila shilingi anayoipokea, na kutojipatia faida ya siri nje ya kamisheni waliyokubaliana. Faida ya siri ikibainika, mteja ana haki ya kuidai yote, na wakala anaweza kupoteza hata kamisheni yenyewe. Vilevile, hawezi kuwatumikia muuzaji na mnunuzi kwa pamoja isipokuwa wote wawili wameelezwa waziwazi na wakaridhia.

Mnunuzi, kwa hiyo, afahamu kwamba wakala aliyeajiriwa na muuzaji hana wajibu wa kumtetea yeye katika bei. Hata hivyo, hakuna sheria inayomruhusu kumdanganya.

Sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi nchini Kenya, Sura ya 533, inamkataza mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi husika. Huyu wetu ana kadi za biashara, mhuri na kitabu cha risiti, vitu ambavyo duka lolote la uchapishaji linaweza kukutengenezea, lakini tulipouliza kwenye bodi hakuwamo katika rejista. Ulizeni huko kabla ya kumpa mtu yeyote nakala ya hati miliki, andikeni naye makubaliano yanayotaja kamisheni, na malipo yapitie kwa wakili baada ya mkataba wa mauzo kutiwa saini na kushuhudiwa, kama inavyotakiwa na Sura ya 23, yaani Sheria ya Mikataba.

Aliyekwisha kumtumia fedha ahifadhi ujumbe wa M-Pesa na risiti, apige ripoti kituoni na kuchukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Hadi ninapoandika, bado anatangaza ploti nyingine kando ya barabara ya Namanga, na wenye nazo wangefanya vyema kuwatafuta wanunuzi wenyewe na kuwauliza wametajiwa bei gani.