Winchi ya pauni 12,000 kwenye tope la mbuga: mashine nzuri, sanduku pungufu

Madereva wa Misungwi na Kwimba wanajua tofauti ya luseni na mbuga. Gari likizama kwenye luseni, ule mchanga wa mwinukoni, unapunguza upepo wa matairi, unafukua kidogo, linatoka. Mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni, ikishaloa masika hung'ang'ania chasisi kama ugali wa udaga. Gari lililozama mpaka kwenye mabawa ya matairi linaweza kudai mvuto wa mara mbili ya uzito wake au zaidi. Hapo ndipo tunapoipima winchi hii ya umeme ya volti 12, mashine inayofungwa kwenye gari ili kulivuta kwa kamba.

Pauni 12,000 ni kilo 5,443. Ili kujua winchi inayokufaa, chukua uzito wa gari likiwa na mzigo wake wote, uuzidishe kwa moja na nusu. Land Cruiser ya kilo 3,300 inataka winchi ya kilo 4,950, kwa hiyo hii inatosha; likizama mpaka kwenye mabawa, utaongeza kapi tunayoieleza hapa chini. Ya pauni 9,500, yaani kilo 4,309, ni ya bei nafuu lakini kwa pikapu iliyopakia ni ndogo.

Namba hiyo ya pauni 12,000, hata hivyo, ni ya tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa dramu, yaani pipa la kuzungushia kamba. Kadiri matabaka yanavyopandana ndivyo nguvu inavyopungua, na tabaka la nne unaweza kuwa umepoteza theluthi nzima. Ndiyo maana anayefunga kwenye mti ulio mita tano mbele huiona winchi inanguruma na gari halisogei. Mti wa mbali ni bora. Ukikosekana, tumia kapi: kamba iende mpaka kwenye kapi iliyofungwa mtini, irudi kufungwa kwenye gari lako. Nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unabaki nusu, na mota inapumua.

Kapi hiyo haimo sandukuni, na hilo ndilo lalamiko letu kubwa. Utakuta winchi, rimoti, kisanduku cha solenoidi (swichi nzito za umeme wa mota), rola za kuongozea kamba na ndoano, basi. Nunua pia mkanda wa mti wa mita 3 wenye upana wa sentimita 7.5, shakeli (pingu za chuma za kuunganishia) mbili za inchi robo tatu zenye mhuri wa tani 4.75, na glovu za ngozi. Kapi na mkanda wake viwe vya kubeba mara mbili ya mvuto wa winchi, maana pande zote mbili za kamba zinavielemea kwa pamoja. Kwenye majabali ya Mwanza usizungushe mkanda mtupu, jiwe linaukata. Pale tumia mnyororo.

Kati ya kamba ya chuma na ya nyuzi za sintetiki, tunachagua nyuzi. Chuma kinavumilia mawe, lakini kikikatika kinaruka na kinaua. Kamba ya nyuzi ni nyepesi na hairuki kwa kishindo kile. Inachohitaji ni kuoshwa: mchanga wa ufukweni ukiingia katikati ya nyuzi huzisaga kutoka ndani. Ioshe kwa maji ya ziwa, si ya chumvi, kisha uianike kivulini. Na rola iliyokwishachimbwa na chuma usiipitishie nyuzi. Weka mdomo laini wa alumini wa kupitishia kamba.

Kabla ya kuvuta, fukua tope mbele ya matairi na chini ya difu. Acha injini inaunguruma, kwani mzigo mzito unanyonya ampea 400 hivi na betri peke yake haihimili. Bakiza mizunguko mitano ya chuma kwenye dramu, au minane ya nyuzi; skrubu inayoshika ncha ya kamba haikutengenezwa kubeba gari. Ndoano ielekeze mdomo juu. Tupia blanketi zito katikati ya kamba. Watazamaji, na vijijini huja wengi, wasimame mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa kamba iliyonyooshwa, na asiwepo wa kuiruka. Kamwe usifunge kwenye kichwa cha kuvutia tela. Kikichomoka kinaruka kama risasi.

Vuta dakika moja, simama, gusa mota. Ikiwa moto wa kuchoma mkono, subiri. Angalia pia kamba isirundikane upande mmoja wa dramu, jambo linalotokea haraka ukivuta kwa pembe.

Katikati ya mbuga hakuna mti wa kufungia kamba. Zika tairi la akiba liwe nanga, wima, kina cha mita moja, uso wake ukitazama gari, mkanda ukipita kwenye mtaro mwembamba uliochimbwa kwa mteremko. Mtaro ukiwa mfupi na wima, mvuto unalinyanyua tairi badala ya kulikandamiza ardhini, na kazi ya jembe ya nusu saa inakwenda bure.