Loki ilifyatuka: uzoefu wangu na helmeti ya Sh 28,000 niliyonunua Mtwara mjini

Nina hasira na kitu hiki tangu msimu wa korosho uliopita, na kila nikikaa kuandika nafuta. Leo siifuti. Juzi nimepita pale dukani nikakuta zimetundikwa vile vile, kumi na kitu kwenye kamba moja, na kijana wa watu anajaribu moja mbele ya kioo huku muuzaji anamsifia imemkaa.

Msinunue. Nazungumzia zile za loki ya plastiki ya kubofya, nyepesi, ambayo ukiibana kwa vidole viwili unaiona inapinda. Hata ukipewa kwa nusu bei, iache hapo hapo.

Mimi ni afisa ugani, na pikipiki ndiyo ofisi yangu. Tangu serikali ilipotugawia pikipiki za kazi 2022, leo niko Naliendele, kesho Nanguruwe, keshokutwa Mikindani. Helmeti yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, wakaiiba juu ya pikipiki nikiwa sokoni. Ndipo nikaingia kwenye duka hilo la spea. Nilimuuliza yule kaka kama ana yenye mkanda wa maana, akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Dada, wewe unaendesha taratibu. Chukua hii, ya trafiki inatosha."

Ya trafiki! Yaani ya kumwonyesha askari barabarani upite. Nilisikia vizuri kabisa, na bado nikatoa hela. Nilikuwa na haraka, jua limepanda, wakulima wananisubiri.

Siku yenyewe nilikuwa narudi kutoka upande wa Lindi, jioni. Wanaoijua ile barabara wanajua inapofika Mikindani inavyozunguka ghuba, kona hii hujaimaliza umeshaingia nyingine. Mvua ilikuwa imeshusha mchanga pembeni mwa lami. Nyuma yangu lori linapiga honi, nikasogea kushoto kulipisha, tairi la mbele likakanyaga ule mchanga, na mimi nikashika breki ya mbele. Hilo kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Juu ya mchanga breki ya mbele haishikwi, unaachia mafuta, unanyoosha usukani, unaiacha pikipiki ipungue yenyewe. Nalijua hilo na nimewafundisha wenzangu. Mkono ukanitangulia.

Sikuwa na spidi, 40 haikufika. Nikalala ubavu wa kushoto na kichwa kikagonga lami. Nilisikia mlio wa helmeti, halafu nikasikia kingine kidogo, tak, kama mtu amevunja njiti. Nikaiona helmeti yangu inabiringika mbele yangu kuelekea kwenye mikoko. Pikipiki ilikuwa bado inaniburuta. Kichwa kikashuka mara ya pili, kitupu.

Mzee mmoja alikuja akichechemea, akaniwekea kiganja begani, "Usiinuke mwanangu, tulia hivyo hivyo." Mama mmoja muuza samaki akavua khanga yake ya juu akanikandamizia kichwa. Sikuwahi kumrudishia ile khanga na sijui nitampata wapi. Nyuzi saba, juu ya sikio.

Kilichonileta hapa lakini si ajali. Ni nilichokutana nacho niliporudi dukani.

Nilikwenda nyuzi zikiwa bado hazijatolewa, nimebeba helmeti kwenye mfuko wa rambo. Nikaiweka kaunta, nikamwonyesha loki: lile jino la plastiki limekatika kwenye shina, safi, kama limekatwa na wembe. Hakunipa hata pole. Akasema, "Dada, kwani helmeti ndiyo iliyokuangusha?" Nikamwambia kaka, sijaja kudai hospitali, nataka ujue unachouza. Akageuka kumhudumia mteja mwingine. Nikasimama pale kama mkopaji. Aliporudi akanipa bei: niachie hiyo nikupe elfu tano, nitabadilisha loki.

Hapo ndipo nikaitazama vizuri ile kamba aliyotundikia. Tatu kati ya zile helmeti zilikuwa na rangi inayong'aa kuliko nyenzake, na chini ya rangi, ukiinamisha kwenye mwanga, unaona michirizi ya lami. Nikamuuliza. Wala hakuficha. "Watu wanatuletea, tunapulizia rangi."

Ndugu zangu, ndani ya helmeti kuna povu jeupe gumu, kama lile linalokuja kwenye boksi la friji. Libonyeze kwa dole gumba, shimo linabaki hapo hapo, halirudi. Ndivyo linavyofanya kazi: linabonyea lenyewe ili fuvu lako lisibonyee. Na likishabonyea, basi. Helmeti iliyogonga lami mara moja imemaliza kazi yake hata kama nje inang'aa kama kioo. Yule kaka anamuuzia mtoto wa mtu ajali ya mtu mwingine.

Sasa nije kwenye linalonichanganya. Muuguzi aliyenishona aliishika helmeti, akanionyesha ufa upande wa kushoto, mrefu kama kidole cha kati. Akasema, "Huu ungekuwa hapa," akagusa juu ya sikio langu. Ni kweli. Pigo la kwanza, lile zito, lilikwenda kwenye ganda. Lingenipata mimi, nisingekuwa naandika. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita, na ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Kwa hiyo nikisema msinunue, halafu dereva wa boda mwenye elfu thelathini tu mfukoni akaamua kupanda kichwa wazi, nitakuwa nimemkosea kuliko yule muuzaji.

Basi narekebisha. Kama ndiyo pekee unayoweza, ivae, na uifunge. Siyo ile ya kuitundika kwenye saidmira mpaka umwone askari, na abiria naye apewe yake. Lakini usikubali kutoka dukani kabla hujaijaribu: ifunge kidevuni, vidole viwili vipite kwa shida, halafu mwambie mtu aishike kwa nyuma, kisogoni, aisukume kwenda juu na mbele. Ikivuka kichwa, rudisha. Nilifanya hivyo kwenye duka lingine, kati ya nne tatu zilinitoka. Na stika ya nje isikudanganye, stika inachapwa popote. Tazama ndani kama povu lipo kweli, maana nyingine ni sponji na kitambaa tu, na uitafute herufi E ndani ya duara, alama ya helmeti iliyopimwa ubora, kwenye lebo iliyoshonwa kwenye mkanda.

Ninayovaa sasa nimeagiza Dar, imekuja na basi. Ina pete mbili za chuma: unapitisha mkanda kwenye zote mbili, unaurudisha katikati, unavuta. Inachosha mikono ikiwa na jasho, na bei yake bado inaniuma.

Yule kaka simsamehi. Nimejaribu, lakini nikiikumbuka ile rangi nashindwa.

Ile ya zamani sikumwachia. Nilirudi nayo nyumbani nikakata mikanda yote miwili kwa kisu cha jikoni, halafu nikalipasua ganda kwa shoka vipande vitatu, asije mtu akaiokota jalalani akampelekea.