Kupima damu Tabora bila kuanzia kwa daktari: pesa yako uipeleke wapi

Hapa Tabora mjini mtu anaweza kuingia maabara, akalipa, akatolewa damu na kuondoka na karatasi yake. Sioni ubaya, ila pesa nyingi inaishia kwenye vipimo visivyokusaidia. Nimezipanga njia kwa kigezo kimoja: jibu likitoka, kuna hatua utaichukua?

1. Maabara binafsi iliyosajiliwa, kwa kipimo unachokijua. Sukari, wingi wa damu, homa ya ini B. Hii ya mwisho ningeilipia kabla ya zote: ukikutwa huna, unachanjwa dozi 3, ukikutwa nayo, unaanza kufuatiliwa mapema. Cheti cha usajili kiwe ukutani, usipokiona, kiulizie. Halafu tazama mikono ya mtaalamu. Sindano ifunguliwe mbele yako, jina liandikwe kwenye chupa ukiwa bado umekaa pale. Kwa sukari, uliza damu itapimwa saa ngapi, maana chembe za damu zinaendelea kuila sukari ndani ya chupa, na sampuli iliyolala muda mrefu inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Nenda asubuhi, umekaa walau masaa 8 bila kula. Maji ruksa, chai hapana, hata ya rangi. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi na huna dalili yoyote, rudia siku nyingine kabla ya kujiita mgonjwa. Kipimo kingine cha sukari, HbA1c, hakihitaji kufunga, nacho kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3.

2. Vya bure. VVU hupimwa bure vituo vya umma, na tangu 2019 sheria inaruhusu kujipima mwenyewe, ila jibu chanya lazima lithibitishwe kituoni. Kundi la damu utalijua ukichangia damu. Kituo cha Kanda ya Magharibi cha Damu Salama kiko hapa hapa Tabora. Lakini tafadhali, usichangie ili ujue kama una VVU. Maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane, na damu hiyo inakwenda kwa mgonjwa.

3. Mashine ya sukari ya nyumbani. Inamfaa zaidi aliyekwisha kuambiwa ana kisukari. Kabla ya kununua, uliza bei ya vijiti vyake na kama vinapatikana mjini, kwa sababu ndivyo utakavyonunua kila mara. Kopo la vijiti lifungwe vizuri, lisikae juani. Joto la Oktoba hapa linaweza kuviharibu.

4. Kipimo cha Widal, yaani cha "taifodi". Kinauzwa sana, na kinaniuma. Kinatafuta kinga za mwili, ambazo zinaweza kuwa zimebaki kutoka ugonjwa wa zamani au zimetokana na maradhi mengine kabisa. Watu wanameza antibayotiki mara kwa mara kwa karatasi hiyo moja. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali, Kitete au kituo cha karibu.

5. Mashine za "mwili mzima". Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inakutajia figo, ini na mishipa. Hakuna hata tone la damu lililotoka. Usitoe hata mia.

Wachumba mnaopima siko seli: kile kipimo cha zamani cha haraka (sickling test) hakitofautishi mwenye ugonjwa na mbebaji, yaani aliyerithi upande mmoja tu. Ulizeni elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, hata kama itawalazimu kusubiri majibu.