Domane AL 2 au AL 5: pesa ya ziada inaenda wapi?

Baiskeli za barabarani za Trek Domane AL 2 na AL 5 za kizazi cha nne zina fremu ileile ya aluminiamu na foku (uma wa mbele) ya kaboni. Kinachopandisha bei ya AL 5 hasa ni gia na breki: seti ya Shimano 105 ya gia 12 nyuma mahali pa Claris, pia ya Shimano, ya gia 8, na diski za mafuta mahali pa diski za kebo. AL 5 ni bora, hilo halina ubishi. Ila je, barabara yako itakuonyesha ubora huo?

Wengi hudhani gia 12 ni za milima. Kranki zote mbili (meno ya mbele, penye pedali) ni 50/34, yaani meno 50 na 34. Kaseti (gia za nyuma) ya AL 2 inafika meno 32, ya AL 5 inafika 34. Ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika kwenye gia nyepesi kabisa, hiyo ni karibu kilomita 9.6 kwa saa dhidi ya 9. Kupanda Nandi Hills kutoka Chemelil miguu itaihisi tofauti hiyo, lakini deraila (kifaa kinachohamisha cheni) ya Claris inapokea meno 34, kwa hiyo kaseti ya 11-34 inaiziba kwa gharama ndogo. Pima tu cheni isiwe fupi.

Faida halisi ya 105 iko kwenye tambarare. Ukirudi Kisumu kutoka Ahero alasiri, upepo wa ziwa unakupiga usoni. Hapo Claris inaruka kutoka meno 15 hadi 18: moja nzito, nyingine nyepesi mno. 105 ina 17 katikati.

Tatizo ni matunzo. Cheni ya gia 8 haisumbui kuipata mjini. Ya gia 12 mara nyingi utaiagiza Nairobi, na inataka kubadilishwa ikilika asilimia 0.5, wakati ya gia 8 huvumilia 0.75. Kishikio cha deraila kikipinda kidogo tu juu ya matatu, Claris itaendelea kubadilisha gia bila ugomvi mkubwa. 105 itaanza kurukaruka.

Breki ndizo za kulipia. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kushuka Subukia, breki za kebo huchosha vidole, na padi zikiisha lever inazidi kukaribia handeli mpaka ukaze kebo. Za mafuta hujirekebisha zenyewe na kidole kimoja kinatosha. Lakini Shimano hutumia mafuta ya madini. Fundi wa pikipiki akikuwekea DOT 4, sili zitaharibika, na hilo hutokea kwa nia njema kabisa. Ukitoa gurudumu ili upakie baiskeli, weka kadibodi kati ya padi. Lever ikibanwa bila diski, padi zinafungana na diski hairudi ndani.

Anayezunguka Kisumu, Ahero na Maseno achukue AL 2, na akiba aiweke kwenye tairi nzuri na kaseti ya 34. Anayeshuka Nandi Hills au Subukia kila wiki achukue AL 5, bora apate kwanza fundi mwenye mafuta ya madini na kifaa cha kutoa hewa kwenye breki. Asipompata, AL 2 yenye kebo mpya na padi nzuri itamhudumia vizuri zaidi.